Swichi Nilizozing'oa

Dada yangu, ambaye ni nesi, alinisumbua mwezi mzima: programu inayoendesha nyumba ya mama imezeeka, isasishwe. Mimi ndiye fundi niliyeifunga, na sipendi kufundishwa kazi.

"Kitu kinafanya kazi, unakichokonoa cha nini?" nilimfokea.

Leo nimechoka na kelele zake, nikabonyeza kitufe cha kusasisha.

"Mama, tulia hapo kitandani nusu saa. Nyumba haitakusikia."

"Haya, mwanangu. Kwani nina safari?"

Nikakaa sebuleni kutazama asilimia zikijikongoja, huku nikimtumia dada ujumbe wa kumkejeli. Bafu la mama halina dirisha. Swichi za ukutani nilizing'oa mwenyewe na kuziba matundu kwa plasta, nikijitapa kwamba mama ataamrisha taa kwa mdomo tu, kama malkia.

Nikamsikia mlangoni pa bafu. "Washa taa," alisema kwa upole. Akarudia.

"Si nimekwambia haisikii!" nikapaza sauti, nikicheka.

Nikamsikia akiingia gizani bila kunijibu. Nikajua kanuna.

Asilimia mia. Taa zote zikawaka, na nyumba ikazungumza kwa sauti mpya, nyororo:

"Bafuni hakuna anayesogea. Nizime taa?"