Kichupa cha Mwisho cha Bamia

Mume wangu alikuwa fundi saa, na sijapata kumwona mtu wa kuchelewa kama yeye. Alitembea kiganja kikigusa ukuta, hatua mbili tatu, anasimama, anageuka kutazama alikotoka, ndipo anaendelea. Nikimkemea alinijibu, "Mwenda pole hajikwai, mke wangu." Kweli hakujikwaa. Alifia kitandani, uvimbe ukiwa umelijaza ini lake, na mimi nimemshika mkono.

Mimi kazi yangu ni maabara. Tunachunguza seli nyeupe za damu, zile zinazoitwa askari wa mwili: jinsi zinavyotoka kwenye mishipa na kupenya nyama hadi zifike penye ugonjwa. Alipougua, mume wangu alijitolea kutupa damu na kipande cha uvimbe kwa ajili ya utafiti wetu. Kwetu jina la mgonjwa haliandikwi juu ya kichupa. Mkuu wa maabara hugawa majina ya mboga. Yeye akapewa Bamia. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akampigia simu mama yake. "Mama, nikifa usihangaike. Mkweo ameniweka akiba kwenye friji la kazini."

Mzaha ule ukabaki nyumbani yeye alipoondoka. Tangu tumzike, kila niliporudi kutoka kazini mama mkwe aliniuliza kabla sijavua viatu, "Yupo?" Nami nilimjibu, "Yupo, mama." Sikuwa nadanganya. Seli zake zilikuwa zimelala ndani ya tangi la baridi kali, na ukizipasha joto taratibu ziliamka na kutembea.

Halafu zikaanza zile nyayo. Saa ileile aliyokuwa akirudi kutoka kwenye kibanda chake cha saa, jua likianza kulegea, tulisikia kandambili zikiburuzwa nje kando ya ukuta. Hatua mbili tatu, kimya, kisha tena. Zilizunguka nyumba mpaka mlangoni, zikasimama, hazikuingia. Mara ya kwanza nilifungua mlango kwa hasira nikijua ni jirani anatuchezea. Hapakuwa na mtu. Mimi ni mtu wa darubini, siamini vitu hivyo, lakini nywele zilinisimama. Mama mkwe wala hakushtuka. Toka siku hiyo akawa haufungi mlango kwa komeo.

"Akichoka kuzunguka ataingia," alisema.

Kazini vichupa vya Bamia viliendelea kupungua, maana kila jaribio lilikula kimoja. Na kila jaribio lilitoa jibu lilelile. Seli zake zilinusa ugonjwa, zikautafuta, zikafika. Ila uvimbe ulikuwa umejizungushia nyuzi nene, na seli zikifika hapo zilifuata nyuzi hizo tu, zikazunguka na kuzunguka, zisiingie. Mkuu aliziita nyuzi hizo uzio. Uvimbe wenyewe haukuwa na uhaba. Tulikuwa tumeuotesha kwenye vibakuli, ukala, ukaongezeka, wa ziada tukautupa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba mjane ndiye atakayekuwa akikilisha. Nilikilisha kila wiki kwa mikono hii, na kila mara nilitamani kukimwagia dawa ya kusafishia choo.

Siku moja mkuu aliniita pembeni.

"Amebaki Bamia mmoja," alisema. "Na ile dawa ya kulegeza nyuzi imefika. Wodini kuna watu uvimbe wao umejifungia kama wake. Nikiona seli zinaingia kwa Bamia, nitakuwa na sababu ya kuwaombea ruhusa waanze."

"Tafuta mwingine."

"Hakuna mwenye uzio mzito kama wake. Yeye mwenyewe alitupa idhini, unajua. Lakini nisingependa kukitoa bila wewe kukubali."

Ni mtu mwema yule, na siku hiyo nilimchukia. Kichupa kikishatoka kwenye baridi hakirudi. Seli zinaishi siku chache, basi.

Nilimwambia mama mkwe jikoni, akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Kufa kufaana, siyo? Mumeo hajaoza, mnagawana."

"Mama, alikubali mwenyewe."

"Alikubali akiwa na homa! Ukimtoa huko, utakuwa umemuua mara ya pili. Na utafute pa kulala, maana nyumba hii ni yangu."

Nilikuwa nafungua kinywa nimjibu jibu ambalo mkwe hampi mama mkwe, ndipo zile nyayo zikaja. Sra, sra, kimya. Sra. Zilipita nyuma ya ukuta wa jikoni, zikazunguka, zikasimama mlangoni. Mama mkwe aliangusha ungo.

"Ingia basi, mwanangu! Mlango uko wazi!"

Kimya. Alikaa juu ya kigoda, uso umemshuka. "Kwa nini haingii?" aliniuliza, kama vile mimi ndiye ninayemzuia.

"Hata kule kazini haingii, mama," nikasema.

Aliniangalia. Nikamweleza habari ya uzio, na seli zinazozunguka bila kuchoka mpaka zife. Alisikiliza mpaka mwisho, mchele umetapakaa miguuni.

"Hiyo dawa itamfungulia?"

"Sijui. Ndiyo tunataka kuona."

"Basi nami nione."

Nilikitoa kichupa mwenyewe, nikakipasha, nikazipumzisha seli usiku kucha kwenye kabati la joto. Kesho yake nilizipaka rangi ya kijani ili zionekane, nikazigawa katika vibakuli viwili vyenye uvimbe, kimoja na dawa, kimoja bila. Mama mkwe alikaa mbele ya skrini ya darubini, amevaa koti jeupe lililomfika vifundoni, mkuu amesimama nyuma yetu.

Katika kibakuli kisicho na dawa, nukta za kijani zilitambaa hadi kwenye nyuzi. Zikasimama. Zikageuka. Zikafuata ukingo.

"Ndiye," mama alisema. "Tazama anavyogeuka nyuma."

Seli zote za aina ile hutembea hivyo, za kwangu na zako. Sikumwambia, kwa sababu hata mimi nilimwona.

Nikabadilisha kibakuli. Mwanzoni mambo yalikuwa yaleyale, nikawaza, tumemtoa bure. Kisha seli moja ikasimama penye nyuzi, ikajinyoosha ikawa nyembamba, ikatanguliza ncha, ikajivuta ikapita. Nyingine ikafuata palepale. Ikaja nyingine. Ndani zilijibandika kwenye seli za uvimbe, na tuliona seli moja ya uvimbe ikivimba, ikitetemeka, ikipasuka. Mkuu alipiga kelele ya furaha, kisha akakumbuka sisi ni nani kwa Bamia, akajiziba mdomo.

"Ameingia?" mama mkwe aliuliza.

"Ameingia, mama."

Aliisogelea skrini. "Kwa hiyo dawa ingewahi, angekuwa nyumbani."

Nilijua la kujibu: kibakuli si mwili, jaribio moja si ushahidi. Nilikuwa nimechoka na majibu ya kazini. "Huenda," nikasema. Tukalia sote wawili, mbele ya skrini, na zile nukta zikiendelea na kazi yake.

Siku chache baadaye seli zilikwisha nguvu zikafa. Mkuu alikuwa ameshapeleka picha zetu wodini, na mazungumzo yameanza. Nilisafisha vibakuli, nikarudi nyumbani.

"Yupo?" mama mkwe aliuliza.

"Hayupo, mama."

Alitikisa kichwa. Hakutaja tena habari ya mimi kutafuta pa kulala. Alinisogezea kigoda tukakaa tukiutazama mlango. Jua lililegea. Tulisikia redio ya jirani, na mtu akichota maji. Hakuna kilichoburuzwa kando ya ukuta. Tulingoja mpaka sura zetu zikawa hazionekani, na kandambili hazikuja.

"Basi amekufa," alisema. Alilisema kama mtu aliyeletewa habari saa ile. Akainuka, akafunga komeo, akaenda chumbani kwake.

Nilikaa gizani kidogo. Kisha mimi, mtu wa darubini, nisiyeamini vitu hivyo, nikaenda nikalifungua.