Mikono Yote ya Kushoto

Nesi alitazama kipimo kana kwamba ndicho kilichokosea, akakaza tena mkanda kwenye mkono wangu, akapima upya.

"Mia na sitini na nane kwa mia na nne," akasema. "Dada, vidonge unameza?"

"Nikikumbuka."

"Na kutembea?"

"Natembea. Kutoka kwenye cherehani hadi jikoni."

Hakucheka. Aliandika kwenye kadi yangu: nitembee nusu saa kila siku, nipunguze chumvi, kahawa basi, nilale kwa muda wa saa saba. Nirudi tarehe ishirini na nne asubuhi.

"Nikiikuta presha iko hivi hivi nakulaza, na Krismasi utailia wodini. Sitanii."

Hiyo ilikuwa tarehe kumi na nane. Nilitoka pale na kadi mkobani na kazi kichwani: majoho kumi na mawili ya kwaya, mapazia ya sebuleni hayajafuliwa tangu Pasaka, watoto watatu wamefunga shule na kila mmoja ana njaa yake, na mama mkwe anakuja keshokutwa. Kulala saa saba nzima! Nani angeshona, yeye nesi?

Majoho nilijitakia mwenyewe. Nilisimama mbele ya kwaya nzima nikamwambia mwalimu wao, "Tarehe ishirini na nne saa sita mchana njoo uchukue. Satini ya bluu, mikono mipana, hamtaamini macho yenu." Watu walipiga makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyokuwa yakinikimbiza.

Zamani nilikuwa nakaa dakika kumi na Biblia yangu kabla sijagusa mkasi. Mwezi huo nilikuwa naomba huku nakanyaga pedali, na kabla sijafika "Amina" nimeshaanza kuhesabu vifungo.

Mama mkwe alifika na begi moja na raba miguuni. Wajukuu wanamwita Bibi Ratiba, kwa sababu kila kitu chake kina saa yake: kuamka, kusali, kutembea, kunywa maji, kulala.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

"Vumbi la vitambaa."

Alitazama kikombe changu cha kahawa, kisha mapazia, kisha mimi. Afadhali angenigombeza.

Kesho yake mchana nilitandaza kile kitambaa juu ya meza, tabaka juu ya tabaka, nikaweka patani ya mkono, ile karatasi ya kufuatisha, na kukata yote kwa mpigo. Nilijisifu kwa kuokoa muda. Kisha nikabandika mkono wa kulia kwenye joho la kwanza kwa pini. Ukagoma. Nikageuza. Ukagoma. Nikachukua mwingine, na mwingine.

Mikono ishirini na minne, yote ya kushoto.

Nina stashahada ya ushonaji. Wiki ya kwanza kabisa chuoni tulifundishwa kutandaza kitambaa uso kwa uso, ili mkono wa kulia na wa kushoto itoke pamoja. Mimi nilikuwa nimetandaza tabaka zote uso juu. Na satini huwezi kuidanganya: ukiigeuza, upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia kama maji ya kuoshea vyombo. Dukani bluu ile ilikuwa imekwisha.

Moyo ulianza kunipiga hadi masikioni. Binti yangu mkubwa alikuwa amekaa sakafuni anapanga vifungo.

"Tafuta ya kulia hapo," nikamwambia.

"Mama, hakuna."

"Tafuta vizuri!"

Baba watoto akachungulia mlangoni. "Kwani nani ataangalia mikono? Watu watakuwa wanasikiliza nyimbo."

Nilimtazama. Akarudi alikotoka.

Nikaamua kufumua. Nitapunguza urefu wa kila joho, nitoe vipande, niunge mikono mipya, nikeshe siku tatu. Nilikwenda kunawa uso. Niliporudi nikakaa, nikakanyaga pedali, ikazunguka bure. Mkanda wa cherehani haukuwepo.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, umeuona mkanda?"

"Nimeuhifadhi."

"Wapi?"

Akajigusa kifuani. "Pahali ambapo mwanamke mwenye adabu hatatia mkono wake. Vaa viatu twende."

"Mama, sina muda!"

"Najua huna. Nimeona ulivyouokoa."

Binti yangu alicheka, akajifunika mdomo kwa mkono wa joho. Wa kushoto.

Tulipita gereji, tukapita uzio wa shule. Nilikuwa natembea kama mtu anayefukuzwa, na yeye ananivuta kiwiko. Nikamweleza kuhusu nesi, kadi na wodi, mambo ambayo hata mume wangu sikuwa nimemweleza yote.

"Mimi nimeshailia Krismasi wodini," akasema. "Mwanangu huyo, mume wako, alikuwa na miaka sita. Nilikuwa nasugua sakafu ili mama mkwe wangu asipate la kusema. Nikaanguka hapo hapo. Akaja kunitazama hospitali. Unajua alisema nini?"

"Nini?"

"Alisema sakafu ilikuwa safi."

Tulikuwa tumefika kanisani. Milango ilikuwa imefungwa, tukakaa kwenye benchi la nje. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga chini wenyewe, pedali isiyokuwepo.

"Omba," akasema.

"Niombe nini?"

"Mwambie ulichofanya."

Nikafumba macho. "Bwana, nimekata mikono ishirini na minne, yote ya kushoto. Nimejisifu mbele za watu. Nimechoka, na naogopa kulazwa. Amina."

"Haya. Hiyo nimeisikia," akasema. "Ile ya asubuhi ulikuwa unamsomea Mungu orodha ya kazi."

Jibu lenyewe sikuhitaji malaika aniletee. Nililijua tangu pini ya kwanza, ila kiburi kilikuwa kimelikalia. Mwalimu wa kwaya anakaa nyuma ya kanisa. Nikaenda nikamgongea mlango kabla sijabadili mawazo.

"Mwalimu, nimekata vibaya. Majoho hayatakuwa na mikono. Vaeni mashati na blauzi nyeupe ndani."

Aliegemea mlango.

"Fundi, si ulisema mikono mipana?"

"Nilisema."

Akajikuna kidevu. "Basi wale wa sauti ya nne wataacha kunililia joto. Ila wengine watasema."

"Waache waseme. Nitakuwepo kuwasikia."

Kuanzia hapo mkanda ukawa na ratiba. Asubuhi ulitoka mafichoni baada ya sala, kidonge na nusu saa ya kutembea. Saa kumi na mbili jioni ulirudi ulikotoka. Kahawa ilitoweka kabatini na hakuna aliyekiri. Mara mbili niliamka na kujikuta namlaumu mwanamke mzima kwa wizi. Mapazia hayakufuliwa.

Tarehe ishirini na nne nesi alikaza mkanda wake. Nilitazama ukuta.

"Mia na arobaini na nne kwa tisini na mbili. Bado haijakaa sawa," akasema, "lakini silazi mtu kwa hii. Umefanya nini?"

"Nimeibiwa mkanda wa cherehani."

"Pole! Umeripoti?"

Kwenye benchi la nje mama mkwe alikohoa.

Tukaondoka. Ilikuwa saa tatu na nusu, majoho mawili hayana vifungo, na saa sita mwalimu angekuwa mlangoni. Nikakata kona kuelekea njia ya mkato.

"Njia ndefu," akasema mama mkwe, akajigusa kifuani.

Nikageuka. Vifungo sita mara mbili ni kumi na viwili, kila kimoja dakika tatu, pamoja na pindo la... Nilikuwa nahesabu hivyo hadi gereji. Baada ya gereji hesabu ilinipotea.