Maziwa ya Habibah

Mtoto alianza kutetemeka tena. Kidevu kwanza, kisha mikono, kisha kile kilio chembamba kilichopenya mabati na kuwafikia majirani wote wa kambi ya askari magereza. Habibah alimpa ziwa. Mtoto akalishika, akaliachia, akalia. Jamani, kiumbe hata jina hajapewa, amemkosea nani?

Wakampeleka hospitali ya Mbale: Habibah, mumewe Sajenti Ramathan, na mama mkwe, Bi Kadija, aliyembeba mtoto mwenyewe.

Daktari alimpima mtoto, akamgeukia sajenti. Habibah mwenyewe hakutupiwa hata jicho.

"Afande, mama wa mtoto alikuwa anameza dawa yoyote wakati wa mimba?"

"Hapana."

Habibah alitazama sakafu. Kule Jinja, kabla ya uhamisho, alizika mtoto wake wa kwanza. Akawa hali, halali, hasemi. Nesi mmoja akampa vidonge: "Meza, dada, moyo utatulia." Na kweli ulitulia. Akashika mimba, akarudi kwa nesi na tumbo lake, akaongezewa vingine. Hakuna aliyemwambia neno juu ya mtoto tumboni. Sasa akinyamaza, mtoto huenda akafa; akisema, basi, ndiye mwendawazimu wa kambi.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akasema.

"Nilikuwa nameza vidonge vya huzuni, daktari."

"Ah! Zile dawa za wagonjwa wa akili!" Sauti ya daktari ilifika mpaka kwenye foleni. "Ndizo zinazomtetemesha. Alizizoea tumboni, sasa zinamtoka mwilini. Siku chache tu, afande, atatulia mwenyewe. Anyonye, asitengwe na mama yake."

Lakini Bi Kadija alikuwa ameshatoka na mtoto. Maneno ya mwanzo yalimtosha.

"Kwetu mwenye wazimu hanyonyeshi," alisema walipofika nyumbani. "Mjukuu wangu halishwi sumu." Mtoto akapelekwa mtaa wa Nkoma kwa wifi, Shamim, aliyekuwa na mtoto wake mchanga anayenyonya.

Habibah alimpigia mumewe magoti. "Daktari alisema anyonye. Ulikuwepo, afande. Ulisikia."

"Nilisikia," Ramathan alisema, akiendelea kupiga buti rangi. "Lakini mama ndiye mama."

Sajenti mzima, wafungwa wanamtetemekea, naye anamwogopa mama yake! Habibah alilia hadi sauti ikamkauka.

Siku ya akika, ya kumchinjia mtoto na kumpa jina, Shamim alimleta. Alikuwa ametulia, mikono imelegea, analala usingizi wa kawaida kabisa.

"Mmeona?" Bi Kadija aliwaambia wanawake. "Tulipomtoa tu kwenye ziwa lile, akapona."

"Alhamdulillahi!" Vigelegele vikapigwa.

"Daktari alisema angepona hata..." Habibah alianza. Nani wa kumsikiliza? Alimtazama Ramathan mlangoni. Ramathan akatoka kwenda kuangalia nyama ya mbuzi.

"Basi nimpakate kidogo tu, mama."

"Ukishapona, binti yangu."

Mtoto akaamka, akalia kilio cha njaa. Kabla Habibah hajajua la kufanya, maziwa yalimchuruzika, yakalowesha gauni lake jipya la gomesi mpaka kiunoni. Shamim akafungua vifungo, akampa mtoto ziwa lake.

Bi Kadija alivua kitenge begani, akamtupia mkwewe.

"Jifunike," alisema. "Wageni wanaona."