Ukoka wa Mpakani

Alipenyeza ncha ya jembe chini ya ukoka, akaubinua, kisha akauvuta kwa mkono, taratibu, usikatike. Ukikatika, kila pingili huota upya. Mama Jembe, kama walivyomwita, alikuwa kibarua wa kupalilia nyua za watu. Wake mwenyewe aliuacha, mpaka ukoka ukafika kwenye banda la jiko.

"Leo mganga kajiganga!" Sauti ilitoka nyuma ya ua wa michongoma.

Ni wifi yake, fundi cherehani, dada wa marehemu mumewe. Kwa miaka sita hawakuitana wifi. Mama Jembe alimshtaki mbele ya ukoo mzima kuwa ameng'oa jiwe la mpaka ili ajiongezee ardhi. Fundi aliapa, akalia. Hakuaminiwa. Mama Jembe akapanda michongoma pale alipoona ni haki yake, akajenga na jiko.

"Wewe shona," alijibu. "Usije ukapoteza na vitambaa vya watu."

Cherehani ikanguruma.

Alipopita jiko, hatua nne ndani kutoka kwenye michongoma, jembe likalia ng'aa! Alipiga magoti, akaufunua ukoka kama blanketi. Saruji. Nondo yenye kutu. Na herufi mbili za jina la baba mkwe, zilizochorwa kwa msumari.

Jiwe halikung'olewa kamwe. Jiko lake lote, moshi ukitoka, lilisimama kati ya jiwe na michongoma, kwenye ardhi ya wifi yake.

"Mbona kimya? Umejikata?"

Angeweza kuurudishia. Pingili tatu na mvua moja tu, nani angejua?

Aliutupa ukoka kando.

"Wifi."

Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono.

"Umeniita nani?"

"Wifi, njoo. Njoo uone."

Fundi alizunguka ua, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Alitazama. Akakaa chini kwenye udongo.

"Mama alikufa akijua mimi ni mwizi," alisema.



Fundi aliuvua utepe, akashika ncha moja kwenye nondo na kuunyoosha kuelekea kwenye michongoma. Ukaishia mlangoni pa jiko.

"Hautoshi," alisema bila kumtazama. "Kesho nitaleta kamba ndefu."

Ndani, chungu kikafurika, moto ukachachatika na kuzimika. Hakuna aliyekwenda kukiepua.