Trela Langoni

Tangu saa tatu asubuhi Rhonda Teague alikuwa amelala chali chini ya trela, matope yamemshika mgongoni, testa ya umeme ameibana kwa meno. Juu yake kulikuwa na nyumba yake nzima: vitanda viwili, jiko la gesi, na mashine ya kumsaidia mama yake kupumua.

"Kanyaga breki, Mama!"

"Nimekanyaga!" Maxine alijibu kutoka kwenye pikapu. "Nikizidisha, mguu utatokea chini."

"Efraín, zinawaka?"

"Hata moja."

Efraín Sandoval alikuwa jirani yake, na pia mwenzake kwenye kiwanda cha kuku. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, na badala ya kwenda kulala alichuchumaa nyuma ya trela, macho kwenye zile taa nyekundu. Walikwisha kubadilisha fyuzi. Balbu nazo walizijaribu moja moja kwenye betri, zote zikawaka. Lakini kila trela lilipofungwa kwenye pikapu, giza.

Kampuni iliyonunua uwanja ule wa matrela ya kuishi masika yaliyopita ilibandika barua milangoni: trela lolote lililozidi miaka kumi liondoke kabla ya saa sita mchana, tarehe thelathini. Litakalobaki ndani litahesabiwa limetelekezwa, na litakuwa mali ya kampuni. La Rhonda lilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Binamu yake Lonnie, maili arobaini kutoka hapo, ng'ambo ya mpaka wa jimbo la Oklahoma, alikuwa amekubali waliegeshe kwenye malisho yake. Chumba cha kuwapa hakuwa nacho.

Na leo ndiyo ilikuwa tarehe thelathini.

Saa tano akafika Wayne Pruitt, askari wa kaunti, kusimamia uhamishaji. Alizunguka trela mara moja, mikono kiunoni.

"Rhonda, bila taa hutoki hapa. Nikikukuta barabarani hivi, nalikamata."

"Na nisipotoka?"

"Meneja analichukua."

"Kwa hiyo likitoka lenu, likibaki lao. Langu ni lini?"

"Mimi sikutunga sheria, dada."

Rhonda alirudi kwenye plagi ya nyuma ya pikapu. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijani. Aliukwangua kwa msasa mpaka shaba ikang'aa, akachomeka tena kwa nguvu. Efraín akapiga ukelele. Breki, indiketa, kushoto, kulia, zote! Pruitt aliziangalia, akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na nane.

Hawakusubiri hata kunawa. Rhonda aliingia nyuma ya usukani na kuvuta taratibu kati ya matrela yaliyobaki. Mama yake alishika kishikizo cha mlango kwa mikono miwili, midomo ikicheza bila sauti. Walipofika langoni, magurudumu ya mbele ya pikapu yakapanda tuta, yakashuka kwenye lami ya kaunti. Trela likaruka nyuma yao.

"Zimezimika!" Efraín alipiga kelele. "Rhonda, zimezimika!"

Pruitt akainua mkono. Pikapu ilikuwa nje, trela ndani.

Curtis Buell, meneja wa uwanja, alitoka ofisini na simu mkononi. "Unaziba lango," alisema.

Rhonda alikwisha kuingia chini.

"Washa indiketa ya kushoto, Mama!"

"Zinawaka zote mbili," Efraín alisema, "lakini hafifu. Kama zinakufa."

Hapo akaelewa. Umeme ulikuwa unakwenda, haupati njia ya kurudi. Alifuata waya mweupe kwa vidole mpaka pale ulipofungwa kwenye fremu kwa bolti. Bolti ilikuwa donge la kutu. Kumbe muda wote umeme ulikuwa unarudi kwa kupitia ule mpira wa chuma unaoshika trela, na kila trela liliporuka, njia ilikatika.

Alipoizungusha bolti, ilikatika kichwa.

"Mungu wangu. Efraín, ng'oa bolti ya kibao cha namba! Haraka!"

Alikwangua fremu kwa kisu cha jikoni. Kutu ilimwingia machoni, mkono ukateleza, kisu kikamchana kidole gumba. Alisikia mama yake akikohoa, na sauti ya Curtis ikisema saa sita kasoro nne, halafu kasoro mbili. Damu ilifanya bolti iteleze. Aliipangusa shavuni, akaipachika tena, akakaza mpaka kiganja kikafa ganzi.

"Washa!"

Taa ziliwaka zote, nyekundu kali. Efraín alilipiga trela teke, kisha akalitikisa kwa bega. Hazikucheza.

"Saa sita na dakika mbili," alisema Curtis.

Rhonda alitoka chini. "Afande, ona, zinawaka. Nipe hatua kumi tu. Hatua kumi!"

Pruitt aliyatazama magurudumu ya trela, akaitazama saa yake, akautazama mti ng'ambo ya barabara. "Barua inasema trela, Rhonda. Haisemi pikapu. Nakupa dakika tano utoe dawa na mashine ya mama."

Maxine alishusha kioo. "Wayne Pruitt! Nilikupakulia chakula pale shuleni miaka sita. Saa ulikuwa hujui kusoma. Nani amekufundisha leo?"

Askari akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini hakuondoka mbele ya gari.

Efraín alibeba mashine. Rhonda alitoa dawa, mablanketi na viatu vya mama yake, akafungua trela kutoka kwenye pikapu kwa mkono wake mwenyewe. Curtis alikuwa tayari anaongea na mtu kwenye simu: ndiyo, zuri tu, wale vijana wanaojenga bomba la gesi watalala humo wanne, tunawapelekea jioni hii. Alipokata simu akamgeukia, sauti imelainika.

"Hivi zile taa zilikuwa na nini? Nisije nikahangaika nazo njiani."

Rhonda alifunga kitambaa kwenye kidole gumba, akavuta fundo kwa meno.

"Sijui," alisema. "Ziliwaka zenyewe."

Akapanda kwenye pikapu kando ya mama yake, wakashika njia ya Oklahoma.