Baba wa Kuazima

Mimi na hotuba za mahafali hatuivi chungu kimoja. Nilikwenda kwa ajili ya mdogo wangu Ibtisam tu, niliyemsomesha kwa jasho langu, nikizunguka nyumba za watu jioni kuwafundisha watoto wao hesabu. Siku hiyo alivaa joho. Mgeni rasmi alikuwa Abdelmughit.

Huyo bwana namjua nje ndani. Zamani, sisi wenye shahada tusio na kazi tulikuwa tunapanda treni hapa Kenitra asubuhi, tunashuka Rabat, mji mkuu, tunavaa vizibao vya rangi ya chungwa na kuzunguka mbele ya bunge tukidai ajira za serikali. Tulifanya hivyo miaka, na kwetu ilikuwa sawa na kwenda kazini. Tulikuwa na kiapo: ama tunaingia wote, ama haingii mtu. Abdelmughit ndiye aliyetuapisha. Na ndiye aliyeingia wizarani peke yake, kwa mlango wa nyuma, wiki ileile niliyovunjwa mkono kwa rungu la askari. Mimi kazi sijaipata mpaka leo. Lakini hilo nilishalimeza. Mtu akikugeuka mara moja umeshamjua, basi.

Akapanda jukwaani, kitambi mbele, akawaambia vijana wasiisubiri serikali. Waishi kwa shauku, akasema, wawe na lengo, wafanye kile ambacho moyo unakipenda hata kama hakilipi. Nikachekea puani. Mtu anakula mshahara wa serikali tangu kichwa chake kikiwa na nywele, leo anawaambia wenzake wakale shauku! Watu wakanigeukia, nikajifanya nakohoa.

Kisha akashusha sauti. Akasema yeye naye ameonja taabu, alivunjwa mkono mbele ya bunge. Nikakaa sawasawa. Akasema alirudi nyumbani amefungwa plasta, hataki kula, hataki kuoga, hataki hata kuonana na mtu.

"Baba yangu alikuwa fundi baiskeli," akasema, "mtu asiyejua maneno matamu. Alichemsha maji, akaniinamisha kwenye beseni, akaniosha nywele kwa mikono yake yenye grisi. Kisha akaniambia: mkono ndio uliovunjika, kichwa ni kizima."

Msichana aliyekaa mbele yangu alikuwa analia.

Yule alikuwa baba yangu. Mkono ulikuwa wangu, nywele zilikuwa zangu. Baba yake Abdelmughit alikuwa karani wa benki, mikono laini kama ya bibi harusi. Na habari ya kuoshwa nywele sikuwahi kumsimulia mtu, si wenzangu wa vizibao, si hata mama, ambaye siku ile alikuwa kwa dada yake Meknes. Baba aliona haya, nami niliona haya, msichana mzima kuoshwa kichwa na babake. Jikoni tulikuwa watatu. Baba, ambaye sasa yuko kaburini, mimi, na Ibtisam, kitoto cha miaka saba, akitumiminia maji.

Nikamtafuta kwa macho kwenye safu za majoho. Alikuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi.

Nje, wenzake wakipiga picha, nilimshika mkono nikamvuta pembeni. Nikamuuliza yule mtu amempataje baba yetu. Hakujitia haelewi, hilo namsifu. Akasema ofisi ya Abdelmughit ilikuwa inatafuta kijana wa kumwandikia hotuba, na hii ndiyo aliyopewa kama jaribio. Aliambiwa iwe na kitu cha kugusa mioyo.

"Si ungempa kitu chako?" nikamuuliza.

"Changu kipi, dada? Mimi nimelelewa tu. Aliyeteseka ni wewe."

"Basi ukaona umpe yeye. Katika watu wote wa Mungu, yeye."

"Yeye ndiye mwenye kazi," akasema.

Alilisema taratibu, kama anamweleza mtoto bei ya mkate. Sikumpiga. Mungu shahidi, nilitaka.

Nyumbani mama alikuwa mlangoni na sinia la maziwa na tende, majirani wamejaa hadi kwenye ngazi. Akamnywesha Ibtisam, akambusu. Bi Yamna, jirani yetu aliyekuwa ukumbini kwa ajili ya mjukuu wake, akaanza kuisimulia hotuba yote, mpaka akafika kwa baba na beseni. Mama akafuta macho. Akasema kumbe dunia ina wanaume wa namna hiyo, Mungu amrehemu baba wa yule bwana.

Hapo nikashindwa. Nikasema mbele ya wote kwamba Mungu amrehemu baba yetu sisi, kwa sababu aliyeoshwa nywele ni mimi, na Ibtisam amemchukua marehemu babake akampa mwanamume aliyetusaliti, ili apate kazi.

Ibtisam alikuwa anatazama maziwa kwenye kikombe chake. Mama akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye, midomo inamtetemeka. Nikajua atamlaani, au walau atalia.

"Kazi ya serikali?" mama akauliza.

"Ya serikali, mama. Ya kudumu."

Mama akaweka sinia chini, akarudisha kichwa nyuma, akapiga kigelegele kirefu kilichosikika mtaa wa pili, na wanawake wote kwenye ngazi wakaitikia. Bi Yamna akanisukuma kwa kiwiko, akaniambia nipige na mimi, nisije nikamtia mtoto nuksi.