Chama cha Wasiomaliza Sahani

Namuria alikuwa mnene wa kuheshimika, na Lodwar nzima ilijua hivyo. Akipita sokoni watu walisema, huyo mumewe anamtunza, naye Lokaale mumewe alitembea nyuma yake kifua mbele kama mwenye ng'ombe wengi, ilhali hata mbuzi hakuwa naye, ana lori moja tu la kubeba mchanga. Basi unene ule ukaanza kudai kodi. Kwanza magoti, halafu presha, halafu sukari. Mwishowe daktari mmoja wa Eldoret akamwambia peupe kwamba akiendelea hivyo atamwachia Lokaale nafasi ya kuoa kabinti. Hapo ndipo mama wa watu alipokubali kufungwa mpira tumboni.

Mpira wenyewe si kitu kikubwa. Ni kama bangili laini, inafungwa juu ya tumbo pale chakula kinapoingilia, na chini ya ngozi wanakuachia kitufe. Daktari akitaka kuukaza anachoma sindano kwenye kitufe anaingiza maji. Akitaka kuulegeza anayatoa. Ukila polepole, vijiko vichache, mambo shwari. Ukijisahau ukala kama zamani, chakula kinakwama njiani kama lori kwenye mchanga wa laga, mto mkavu, na wewe unatoka mbio kukirudisha kilikotoka.

Sasa hebu niambie, jambo kama hilo Turkana utamweleza nani? Kwamba wenzako wanapanga foleni ya mahindi ya msaada, na wewe umepanda basi kwenda kumwomba daktari akuzuie kula? Namuria hakumweleza mtu. Lokaale alijua kwa sababu alitia sahihi. Wengine wote waliambiwa ni vidonda vya tumbo.

Mtu aliyemwogopa kuliko wote ni shangazi yake, Akuwam wa Lokori, dada ya marehemu baba yake. Ndiye aliyemlea. Huyo mama alikuwa akilala njaa ili Namuria ale, asubuhi anasema alikula wakati mtoto amelala, na mtoto anajua ni uongo. Halafu ukame wa juzi ukammalizia mifugo. Asikie leo kwamba Namuria amelipa ili asile? Afadhali ardhi ipasuke. Aibu hiyo ilimkaba Namuria kuliko ule mpira.

Aliyemwelewa ni mmoja tu, Achai, Mdinka wa Kakuma, muuza vitenge ndani ya kambi ya wakimbizi. Kaka yake aliyeko Australia ndiye aliyemgharamia, akafungwa mpira hospitali ile ile. Walikutana kwenye benchi wakisubiri kukazwa, Namuria akalia kidogo, Achai akamwambia, "Habibti, usilie, machozi ni maji, na maji ni baada ya chakula." Urafiki ukaanzia hapo.

Na kwa kuwa Kenya watu wawili hawawezi kukaa pamoja bila kuunda chama, wakaunda chama. Achai akawa mwenyekiti kwa sababu alitangulia kufungwa. Namuria akawa wengine wote. Vikao vyao vilifanyika Kakuma, kwenye hoteli ya Mhabeshi mmoja, ambapo waliagiza sahani moja na vijiko viwili. Siku ya kwanza yule Mhabeshi aliwatazama, wanawake wazima na hereni za dhahabu masikioni, wanagawana maharagwe ya mtoto, akawaonea huruma akawaongezea supu ya bure. Walicheka mpaka ikabidi waache kula, maana kucheka nako kunakwamisha.

Siku zingine kazi ya chama ilikuwa simu.

"Namuria, umekula nini?" Achai angeuliza.

"Yai."

"Lote?"

"Nusu."

"Wallahi wewe ni mlafi."

Wakikutwa na msiba wa kukwama, walipigiana. Usinywe maji. Tembea. Inua mikono. Na kubwa kuliko yote, kauli ya mwenyekiti: nyama tafuna mpaka iombe msamaha. Kuna mambo ambayo hata mume huwezi kumwambia, kama lile povu linalopanda kooni, au kuota ndoto ya chapati. Achai aliambiwa yote, naye alijibu kwa ndoto yake ya asida, ugali wa kwao, na mchuzi wa bamia. Namuria alimpenda mama yule kwa moyo wote.

Basi kuna mtu akasafiri hadi Lokori na mdomo wake, akasema Namuria amekonda amebaki macho tu. Haikupita wiki, Akuwam akashuka kwenye lori mbele ya nyumba ya Namuria, mtaa wa Kanamkemer, shanga shingoni, vumbi mwili mzima, na kondoo mmoja kwa kamba.

"Ejok, shangazi!" Namuria akamkimbilia.

Akuwam hakujibu salamu. Alimshika mkono wa juu akaubinya, kama anayenunua.

"Mwili yako imeenda wapi?"

"Ni vidonda vya tumbo, shangazi."

"Vidonda!" Mama akatema mate pembeni. "Dawa yake ndiyo hii, iko na mkia. Mafuta ya mkia inaenda inapaka huko ndani. Kesho tunachinja."

Namuria akamwangalia yule kondoo. Alikuwa jike, na mkia wake ulikuwa umekonda kama mwenyewe.

"Wengine wako wapi, shangazi?"

"Wengine gani? Ni huyu."

"Basi mwache azae, jamani!"

"Azae nini, kama nyinyi wenyewe mmekwisha?"

Unaona sasa uongo unavyomla mwenyewe. Wangesema presha, mama angekuja na maombi tu. Wamesema vidonda, kaja na kondoo wa mwisho. Namuria akajifungia chooni akampigia mwenyekiti.

"Mwambie ukweli," Achai akasema.

"Siwezi! Huyo mama alininyima nini? Akijua nitakufa kwa aibu."

Achai akafikiri. "Na kukataa huwezi. Hata kwetu, ukikataa nyama ya mzee umemtemea mate usoni. Sikiliza, kesho nakuja. Nitakaa karibu na wewe, sahani yako itakuwa yetu. Tutakula kama kwa Mhabeshi."

"Mungu akubariki!" Namuria akafuta machozi, roho ikatulia.

Mtu mwenye akili timamu angeuliza hapo hapo: mwenye mpira anamwita mwenye mpira aje amsaidie kula? Lakini wao, mazoea yana taabu, walishazoea kwamba sahani ikigawanywa na Achai basi imekwisha. Wala haikuwapitia akilini kwamba sahani ya shangazi si sahani ya Mhabeshi.

Kesho yake Achai akaomba kibali cha kutoka kambini, akasema anaenda kumwona mgonjwa mahututi, akafika Lodwar kondoo akiwa tayari motoni. Majirani walishajaa uani. Harufu ya mafuta ilikuwa imewaita bila kualikwa. Mbele yao kakaa Mama Aukot, kiongozi wa maombi kanisani, mwanamke asiyeweza kuona moshi asiulize nani anaungua.

Akuwam alimtazama Achai kwa muda mrefu. "Umetoka Kakuma kuona mtoto wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe ni mtu," Akuwam akasema, na kwa furaha hiyo akamwekea sinia lake mwenyewe. La Namuria limejaa, na la Achai limejaa, kila moja na pande la mkia linang'aa juu. Chama kikaangaliana.

"Mwenyekiti," Namuria akanong'ona.

"Nyamaza. Tafuna."

Mama Aukot akaomba, akaombea mgonjwa, kondoo, barabara na serikali. Baada ya amina, hakuna aliyegusa kitu. Akuwam alisema mgonjwa aanze, na hata yeye mwenyewe, aliyechinja na kupika tangu alfajiri, hakuonja. Alichuchumaa mbele ya Namuria na kisu mkononi, macho kwenye mdomo wa mtoto wake.

Namuria akachukua kipande kidogo. Akatafuna, akatafuna tena. Watoto uani wanameza mate.

"Unakula ama unaomba?" Akuwam akauliza.

Watu wakacheka. Namuria, kwa haya, akameza. Shangazi akamwekea kingine, hiki cha mafuta, kwa mkono wake mwenyewe mpaka mdomoni, na cha mkono wa mzee hakitemwi. Akameza hicho pia. Achai alipoona mwenzake ameanza kutoa jicho, akaona awavute watu wamtazame yeye. Akajitupia mnofu mdomoni, akasifu kwa sauti, akameza kama mtu mzima mwenye tumbo lake.

Ala! Mabega ya Namuria yakapanda masikioni. Povu likaja. Akainuka, akakimbilia nyuma ya choo. Kabla watu hawajauliza, Achai naye akashika kitenge mdomoni, akamfuata mbio, na huko nyuma chama kizima kikainama ukutani, kichwa kwa kichwa, kikirudisha mali ya watu.

"Sumu!" Mama Aukot akapiga kelele. "Yesu wangu, nyama ina sumu!"

Mikono ikatoka kwenye nyama ambayo hata haijaguswa. Mmoja akasema kule Lokori mifugo imekuwa ikifa na ugonjwa. Mwingine akauliza, mbona mama huyu mwenyewe hakula? Mwingine, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, akasema walioishiwa huwa wanaona wivu kwa ndugu walio nacho. Lokaale, mwanamume pekee aliyejua ukweli, alikuwa anachunguza tairi la lori lake kana kwamba hajawahi kuliona. Nani apige simu kwa chifu? Nani amshike huyu mama asitoroke?

Namuria, ameegemea ukuta, macho yanatoka machozi, alisikia yote. Akachungulia. Akamwona Akuwam amesimama katikati ya uani, peke yake, watu wamemwachia nafasi kama mwenye ndui. Aliinama kwenye sinia la Namuria, akachukua pande la mkia, akalila mbele yao wote, anatafuna pole pole, anawaangalia mmoja mmoja. Machozi yanashuka na mafuta yanashuka.

"Sema ulikula haraka," Achai akanong'ona, anajifuta. "Sema ni vidonda. Khalas, watakubali."

"Mwenyekiti," Namuria akasema, "kikao kimefungwa."

Akatoka pale alivyo, povu kidevuni, akaenda mpaka katikati ya uani, akapandisha blauzi.

"Angalieni! Hii hapa!" Akashika mkono wa Mama Aukot, akaukandamiza juu ya kitufe. "Gusa. Umesikia kitu kigumu? Hiyo ndiyo sumu. Nilifungwa mpira tumboni nisile sana. Nililipa. Achai pia anao. Nyama ya shangazi haina neno, sisi ndio tumezibwa!"

Mama Aukot aliutoa mkono wake kama ameshika jiko.

"Ulilipa," akasema, "usile?"

Kuna mtu nyuma akacheka, akapigwa kiwiko. Namuria hakuwajali. Alikuwa anamtazama shangazi yake.

Akuwam akamaliza kwanza kilichokuwa mdomoni. "Ulifunga tumbo," akasema. "Wewe mwenyewe ulitaka."

"Sukari ilikuwa inaniua, shangazi. Niliona haya kukuambia."

"Mimi nilifunga yangu kwa kamba ya ngozi. Ukame ile. Kila jioni navuta kidogo, ndio nilale." Akaonyesha mahali, chini ya mbavu. "Lakini sikutapika. Hakukuwa na kitu ya kutapika."

Namuria akaanza kulia, kilio cha sauti, cha mtoto.

"Na kondoo yangu," Akuwam akaendelea, "imekufa kwa sababu ya mtu ameshiba."

Neno hilo lilimwingia kila mtu pale. Kisha mama akawageukia majirani, kisu bado mkononi. "Na nyinyi mnangoja nini? Mafuta inaganda! Kuleni, ama nimeze yote mwisho niitwe mchawi aliyenona?"

Wakala. Wakala kwa adabu, vichwa chini, na Mama Aukot alikula kuliko wote, labda kwa toba. Akuwam akaketi chini kati ya wale wawili. Akachagua ini, sehemu laini, akalikatakata kwa ncha ya kisu mpaka likawa kama uji, akalichota kwenye kifuniko cha chupa ya soda.

"Hii itapita?"

"Itapita, shangazi."

"Na wewe wa Kakuma, fungua mdomo."

Achai akafungua, mwanamke mzima na hereni zake.

Asubuhi Namuria akamsindikiza shangazi mpaka linakopakia lori la kwenda Lokori. Njia nzima alijaribu kuomba msamaha, na njia nzima Akuwam aliongelea jua. Mwisho Namuria akasema atamnunulia kondoo mwingine.

"Utanunua," Akuwam akasema. "Nani alikwambia nitakataa? Nunua wawili. Na wawe na mikia, siyo hizi zako za Lodwar."

Akapanda juu ya mizigo, akajipangia mahali kati ya magunia ya unga. Namuria akashika chuma cha lori. Swali lilikuwa limemkereketa usiku mzima.

"Shangazi, kule Lokori utawaambia nini?"

Dereva akapiga honi. Akuwam akamwinamia.

"Wataniuliza kama nilimkuta mtoto wetu na njaa. Nitawaambia ameshiba mpaka anatapika." Akafunga shuka lake kichwani vizuri, lori likaanza kusogea. "Tangu ukame, hakuna mtu amewapelekea habari nzuri kama hiyo."